Saa Iliyosogea Bila Ruhusa: Kisa cha Simu za Lebanon, Machi 2023

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 26 Machi 2023, serikali ya Lebanon haikutaka saa yoyote iguswe. Waziri mkuu Najib Mikati alikuwa ameshatoa waraka siku ya Alhamisi, tarehe 23: saa za kiangazi, yaani kule kusogeza saa mbele kwa saa moja, mwaka huo zingesubiri hadi usiku wa kuamkia tarehe 21 Aprili, Ramadhani ikimalizika. Ilipofika saa sita usiku, simu mifukoni na kando ya vitanda zikafanya kile zilichozoea kufanya kila mwaka. Kioo kilisoma 23:59, kisha 01:00. Asubuhi yake, mtu aliyetazama simu halafu akatazama saa ya ukutani alipata majibu mawili, na kila jibu lilikuwa na watu wa kulitetea.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ugomvi wa dini. Ugomvi ulikuwepo na nitaugusa, maana hauwezi kukwepwa. Kinachonivutia zaidi ni jambo ambalo wanasiasa hawakulifikiria hata kidogo. Zamani, kuahirisha mabadiliko ya saa lilikuwa jambo rahisi kuliko yote: mnawaambia watu wasifanye kitu, nao hawafanyi kitu. Siku hizi ni kinyume. Asiyefanya kitu ndiye anayebadilishiwa saa, na anayetaka kubaki alipokuwa ndiye mwenye kazi ya kufanya. Serikali ya Beirut ilidhani imechagua njia ya uvivu, kumbe ilikuwa imewapa kazi mamilioni ya watu wenye simu, tena kwa notisi ya siku tatu.

Kwanza hesabu yenyewe. Majira ya baridi, Lebanon iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa sita usiku, inasogea mbele na kuwa saa tatu mbele. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudi. Sisi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala tuko saa tatu mbele mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi Beirut na Mombasa zinasoma saa ileile, na baridi Beirut iko nyuma yetu kwa saa moja. Wenye binti au dada anayefanya kazi za ndani kule wanaijua hesabu hii bila kufundishwa, maana ndiyo inayowaambia wakati gani mwenye nyumba kashalala na simu inaweza kupokelewa.

Sababu ya uamuzi ilijulikana mapema kwa sababu video ilivuja. Spika wa bunge Nabih Berri alionekana akimtaka Mikati aiache saa ilivyo hadi Ramadhani iishe, ili watu wafuturu saa kumi na mbili jioni badala ya saa moja. Mikati alitaja kwamba kutakuwa na tatizo la safari za ndege. Berri hakuliona tatizo hilo. Mwishoni mwa Machi jua la Beirut linazama kama dakika tano kabla ya saa kumi na mbili jioni kwa saa za baridi, ambayo kwa saa za kiangazi ni kama dakika tano kabla ya saa moja. Ni jua lilelile. Aliyefunga hapunguziwi hata dakika moja ya njaa; kinachobadilika ni namba inayoonyeshwa wakati anapoweka tende mdomoni. Sisemi namba haina maana, kwa sababu ofisi na shule hufungwa kwa namba na anayetoka kazini anataka kufika nyumbani kabla ya adhana. Ila kwa faida ndogo namna ile, gharama ilikuwa kubwa mno.

Kanisa la Maroni, kubwa kuliko yote ya Wakristo wa Lebanon, likatangaza kwamba litasogeza saa kama kawaida. Vituo vya televisheni LBCI na MTV vikafanya hivyohivyo, na vyama vya Kikristo vikaunga mkono. Waziri wa elimu, Abbas Halabi, alitangaza msimamo kuhusu shule kisha akaulegeza, mwishowe kila shule ikaamua yenyewe. Nchi wakati ule haikuwa na rais tangu muhula wa Michel Aoun ulipokwisha Oktoba 2022, sarafu yake ilikuwa imeporomoka tangu 2019, na Mikati mwenyewe alikuwa akiongoza serikali ya muda tu. Watu wakaanza kutaniana kuhusu saa ya Waislamu na saa ya Wakristo. Utani ule ulikuwa na uchungu ndani yake, katika nchi iliyopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa miaka 15.

Tuingie ndani ya simu.

Watu wengi hudhani simu hupokea saa kutoka kwenye mnara, basi, yamekwisha. Ukweli ni kwamba kuna vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakoleta balaa. Cha kwanza ni saa ya dunia, ambayo simu huipata kutoka kwenye mtandao wa simu au intaneti, na ambayo haijui Lebanon wala Ramadhani. Cha pili ni kanuni ya mahali: ukiwa Beirut ongeza saa ngapi, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Kanuni hizo hazitoki kwenye mnara. Zimo ndani ya simu yenyewe, kwenye orodha iliyoandikwa miaka mingi nyuma na inayofikia karibu kila simu, kompyuta na seva duniani, nyingine kwa sura yake na nyingine ikiwa imebadilishwa kidogo.

Orodha hiyo ni hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980. Sasa inasimamiwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na watu wanaojitolea, na tangu 2011 inahifadhiwa na IANA, taasisi ileile inayoratibu anwani za intaneti. Ndani yake Lebanon ina mistari michache tu. Mmoja unasema hivi, nikiutafsiri: kuanzia 1993 hadi milele, Machi, Jumapili ya mwisho, saa 0:00, ongeza 1:00. Hauna nafasi ya waraka wa waziri mkuu. Simu ya Beirut ilipofika Jumapili ile ilikuwa inatekeleza ahadi iliyowekwa miaka 30 kabla, na ilitekeleza sawasawa kabisa.

Wasimamizi wa orodha walijitahidi kiasi cha kushangaza. Tarehe 22 Machi walikuwa wametoa toleo la 2023a, lenye habari za Misri kurejesha saa za kiangazi mwaka ule. Kesho yake, siku ileile ya waraka wa Mikati, wakatoa 2023b lenye mabadiliko ya Lebanon. Yaani toleo lilitoka kabla wino haujakauka. Lakini kutoka kwao hadi kwenye simu yako kuna safari: Apple wanalichukua na kulipima, Google nao hivyohivyo, kisha kampuni iliyotengeneza simu ya Android, kisha wewe mwenyewe ukubali kusasisha, tena uwe na bando. Microsoft wana orodha yao wenyewe ya Windows. Simu ya bei nafuu ya miaka mitano iliyopita huenda haijapata sasisho tangu ilipotoka dukani. Siku tatu kwa safari kama hiyo ni sawa na bure.

Tena si siku tatu tu zinazoshindikana. Uturuki mwaka 2015 iliahirisha kurudisha saa kutoka tarehe 25 Oktoba hadi 8 Novemba, kwa sababu ya uchaguzi wa tarehe 1 Novemba. Orodha ilisasishwa tarehe 1 Oktoba, zaidi ya wiki tatu kabla. Hata hivyo simu nyingi Istanbul zilijirudisha nyuma tarehe 25, na Waturuki wakashinda siku nzima wakiulizana mtandaoni saa ngapi. Misri mwaka 2016 ilifuta saa za kiangazi siku chache kabla hazijaanza, na sasisho la orodha likatoka tarehe 5 Julai wakati mabadiliko yalipangwa tarehe 7. Mtu angedhani Lebanon, ikiwa haiko mbali na wote wawili, ingekuwa imejifunza.

Na Ramadhani yenyewe haina lawama. Morocco hurudisha saa nyuma kila mwaka kwa ajili ya Ramadhani, na wasimamizi wa orodha wameshapiga hesabu ya mwezi na kuandika tarehe za Morocco hadi mwaka 2087. Wakati mwingine hesabu inapishana na tangazo la serikali na kurekebishwa. Lakini kanuni inajulikana, na simu inaweza kuifuata.

Sasa turudi Beirut Jumapili asubuhi, na mipangilio ya simu. Mitandao miwili ya simu ya nchi, Alfa na Touch, yote mali ya serikali, iliwatumia wateja ujumbe ikiwashauri wazime saa ya kujiendesha na kuiweka kwa mkono. Ushauri ulieleweka, lakini haukuwa kamili, kwa sababu kuna njia mbili za kufanya hivyo na kila moja ina madhara yake.

Njia ya kwanza ni kuzima saa ya kujiendesha na kurudisha mshale nyuma saa moja, huku simu ikiendelea kuamini kwamba iko Beirut na kwamba Beirut iko saa tatu mbele. Kioo kinasoma vizuri. Lakini simu sasa inaamini kwamba saa ya dunia yenyewe iko nyuma kwa saa moja. Mwenye programu ya kutoa namba za uthibitisho za kuingilia benki au barua pepe, zile zinazobadilika kila sekunde 30, anaanza kukataliwa, kwa sababu namba hizo hupigwa kutokana na saa ya dunia, na simu yake imetoa namba za saa moja iliyopita. Anaandika namba mara tatu, akaunti inajifunga, na hana habari kwamba chanzo ni Ramadhani na waziri mkuu.

Njia ya pili ni kuiacha saa ya dunia na kuidanganya simu kuhusu mahali. Unazima ukanda wa saa wa kujiendesha na kuchagua mji ambao siku hiyo uko saa mbili mbele: Cairo, kwani Misri ilikuwa haijaanza bado hadi tarehe 28 Aprili, au Johannesburg, au Lubumbashi. Napenda hii ya Lubumbashi. Wasomaji wetu wa Katanga wanaweza kujivunia kwamba mji wao ungeweza kuwaokoa watu wa Beirut. Kwa njia hii namba za uthibitisho zinafanya kazi, saa za ujumbe ni sahihi, na simu yako haimdanganyi mtu yeyote nje ya nchi. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyokuwa njia bora. Mitandao ingesema "chagua Cairo" ingeokoa usumbufu mwingi.

Lakini hata hii ina mtego, nao uko kwenye kalenda. Chukua mtu aliyeandika kwenye simu yake, mapema mwezi Machi, miadi ya daktari Jumatatu tarehe 27 saa nne asubuhi. Kalenda haihifadhi maneno "saa nne". Wakati anaandika, simu ilijua kwamba tarehe hiyo Beirut itakuwa saa tatu mbele, ikapiga hesabu, ikaweka miadi mahali pake kwenye saa ya dunia, yaani 07:00. Jumapili akachagua Cairo. Simu inasoma 07:00 ya dunia, inaongeza mbili, inamwonyesha miadi saa tatu asubuhi. Ikiwa daktari anafuata saa ya serikali na anamtarajia saa nne, mgonjwa atakaa kwenye benchi saa nzima. Ikiwa daktari amesogeza saa zake, mgonjwa anafika kwa wakati barabara, ingawa kioo chake kinasoma tofauti na saa ya ukutani pale. Mwenzake aliyerudisha mshale kwa mkono ataona saa nne, na kwa daktari wa saa ya serikali atafika sawa. Ila mwenzake huyo akiwa na kikao cha mtandaoni na watu wa Paris, amechelewa kwa saa nzima.

Kwa hiyo hakukuwa na mpangilio hata mmoja uliokuwa sahihi kwa kila kitu. Tatizo halikuwa la simu tena. Swali "kikao ni saa ngapi" lilikuwa na jibu tofauti kulingana na nani aliyekiitisha.

Alamu ndizo zilizoeleweka kwa urahisi zaidi, ingawa ndizo zilizoumiza. Tofauti na kalenda, alamu huhifadhiwa kwa saa ya kioo: ukisema 06:30, simu hupiga hesabu ya 06:30 ijayo kwa ukanda ilionao, na ukibadilisha ukanda inapiga hesabu upya. Mfanyakazi wa ofisi inayofuata waraka, ambaye hakugusa simu yake, aliamshwa kwa saa ya kiangazi, ambayo kwa ofisi yake ilikuwa bado saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hilo ni kosa la kusamehewa, unalala tena. Aliyepata hasara ni yule mtii aliyefuata ujumbe wa mtandao, akarudisha simu nyuma, halafu akakuta shule ya watoto imeamua kufuata saa za kiangazi. Alamu yake ililia sawa kwa saa ya serikali, lakini kengele ya shule ilipigwa saa nzima mapema kuliko alivyotarajia. Katika nyumba moja mzazi angeweza kuhitaji saa moja kwa kazi yake na nyingine kwa shule ya watoto.

Uwanja wa ndege ulikuwa na vioja vyake. Shirika la ndege la taifa, Middle East Airlines, lilisema saa zake na vifaa vyake vitabaki kwenye saa za baridi kama serikali ilivyoagiza, lakini saa za safari zitarekebishwa ziendane na ratiba za kimataifa. Halikuwa na namna nyingine. Ndege inaondoka Beirut kwa nafasi iliyokubaliwa na kiwanja inakokwenda, na London haiwezi kuambiwa isubiri futari. Tuseme tiketi ilichapishwa mwezi Januari ikisema kuondoka saa tatu asubuhi, kwa hesabu ya saa za kiangazi. Kwenye ubao wa uwanja safari hiyohiyo sasa ilikuwa saa mbili. Abiria mtii aliyerudisha simu yake, akafika kwa kufuata tiketi, angeikuta ndege imeshapaa. Abiria ambaye hakuwa na habari ya waraka wowote, na ambaye simu yake ilijisogeza usiku ule bila kumuuliza, angewahi.

Hapa ndipo naona upande wa serikali ulishindwa hata kabla ya maaskofu kusema neno. Watu wengi hawabadilishi mipangilio ya simu, ama kwa kutojua ama kwa kupuuza. Saa ya watu hao, wa dini zote, ilikuwa imeshasogea wakiwa usingizini. Kanisa na televisheni hazikulazimika kumshawishi mtu yeyote afanye lolote. Zilisema tu kwamba simu yako iko sahihi. Serikali ndiyo iliyotakiwa kubisha hodi kwenye kila simu na kuomba ibadilishwe. Katika mashindano ya namna hiyo mwenye kuomba watu wafanye kitu hushindwa, hata awe na sheria mkononi. Nasikia hoja kwamba Mikati alirudi nyuma kwa shinikizo la kisiasa tu, na shinikizo lilikuwepo kweli. Lakini shinikizo lile lilipata nguvu kwa sababu Jumapili jioni uamuzi wake ulikuwa tayari haufuatwi na vifaa vyenyewe.

Jumatatu tarehe 27 baraza la mawaziri likakutana na kuubatilisha. Saa za kiangazi zingeanza rasmi saa sita usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, tarehe 30. Mikati alieleza kwamba muda huo ulihitajika kushughulikia mambo ya kiufundi, maelezo ambayo yangefaa zaidi siku ya Alhamisi iliyotangulia. Waliokuwa wamechagua Cairo au kurudisha mshale wakapewa kazi ya pili: kurudi kwenye saa ya kujiendesha. Na kwa kuwa usiku huo hakuna orodha yoyote iliyokuwa na mabadiliko ya tarehe 30, simu isiyorudishwa kwa mkono ingebaki nyuma tu.

Tarehe 28 wasimamizi wa hifadhidata wakatoa toleo la 2023c. Maelezo yake ni mafupi, na yanataja waziwazi kuwa ni vurugu za saa za Lebanon. Data zenyewe zimerudishwa zilivyokuwa kwenye 2023a, kana kwamba 2023b haikuwahi kutoka. Seva iliyokuwa na bidii ikachukua 2023b siku ya Ijumaa, kisha isichukue 2023c, ingeendelea kuamini hadi tarehe 21 Aprili kwamba Beirut iko saa mbili mbele. Bidii nayo iliadhibiwa.

Uamuzi wa kurudi kwenye 2023a naukubali, kwani nchi iliyogawanyika siku nne haiwezi kuandikwa kwa mstari mmoja, na simu nyingi zilikuwa zimesogea tarehe 26. Una matokeo yake hata hivyo. Kwa kompyuta yoyote leo, Lebanon ilianza saa za kiangazi Jumapili tarehe 26 Machi 2023 saa sita usiku, kama mwaka mwingine wowote. Hati zilizoandikwa na ofisi zilizotii waraka kati ya siku hiyo na tarehe 30, iwe ni kitabu cha wodi ya wazazi, ripoti ya polisi au daftari la mlinzi wa zamu, zina saa ambayo programu ikiigeuza kuwa saa ya dunia itakosea kwa dakika 60. Anayezitumia, mwanasheria au mtafiti, itabidi aulize kwanza ofisi hiyo ilikuwa upande gani.